Kifungo Juu ya Barafu

Jumatatu, 6 Januari

Daftari hili ni la jiko la chuo. Bi Mizani, mpishi mkuu, amenipa leo niandike humo joto la majokofu asubuhi na mchana. Upande wa mbele ndio wa joto. Nikamwuliza, na upande wa nyuma? Akasema, "Huo ni wako. Mwanamke anayenyonyesha ana mengi ya kusema, ila watu wote wanamsikiliza mtoto."

Basi naandika. Shule niliishia kidato cha pili na mwandiko wangu unapanda mlima, lakini humu hakuna wa kunisahihisha.

Leo nimerudi kazini. Mwanangu ana miezi minne na wiki mbili. Baba yake anamwita Bosi, kwa sababu ana kipara, ana kitambi, na akipaza sauti sote tunasimama. Nimemwacha na mama mkwe wangu, aliyefunga safari kuja kukaa nasi kwa ajili hiyo tu. Mimi namwita Mama. Yeye ananiita mke mwenza, maana mjukuu ni mume wake.

"Nenda kazini, mke mwenza," ameniambia mlangoni. "Mume wetu yuko kwenye mikono salama."

Nimeacha maziwa yangu kwenye chupa tatu ndogo za kioo, nimezichemsha mwenyewe, nimezipanga kwenye friji. Friji alilinunua baba Bosi kwa mtu aliyekuwa anahama. Ni kuukuu, mpira wa mlango umelegea, na kwa kuwa nyumba yetu ni chumba kimoja na uwazi wa kupikia, limesimama miguuni mwa kitanda. Linanguruma weee, halafu likitaka kunyamaza linatetemeka lote kama mtu aliyemaliza kukohoa. Mama amelipa jina: Simba Mzee.

Kutwa nzima nilinuka maziwa. Nikifumba macho namwona.

Alhamisi, 9 Januari

Joto. Hata kivuli kina joto.

Jumanne, 14 Januari

Kazi yangu ni kumenya, kuosha, na sasa kusoma vipimajoto. Jokofu la nyama nyuzi tatu. La maziwa nyuzi nne. Napenda kufungua mlango wa lile kubwa, baridi linanishukia miguuni kama shuka lililofuliwa.

Leo nilichelewa kuufunga. Bi Mizani akaja mbio na mwiko mkononi.

"Unawaamsha!"

"Nani, Bi Mizani?"

"Wadudu. Bakteria. Unadhani humo ndani hawamo? Wamo tele. Wamelala."

Nikamwambia mimi najua baridi huua wadudu, tulisoma shuleni.

"Hukusoma, ulisinzia. Moto ndio unaoua. Baridi si askari, mama, baridi ni yaya. Inawalaza tu. Ukifungua mlango, ukiacha chakula juu ya meza, wanaamka na njaa. Na hao wakila hawanenepi kama mimi. Wanagawanyika. Mmoja wawili, wawili wanne, kila dakika ishirini kwenye joto kama hili."

Nikafunga mlango polepole, kwa mikono miwili, kama ninavyofunga wa nyumbani Bosi akiwa amelala. Akacheka mpaka akashika meza.

Jumatano, 15 Januari

Nimeota mchana, nimeegemea gunia la viazi wakati wa mapumziko. Nilikuwa ndani ya jokofu, lakini ni nyumba kubwa, vyumba vyeupe visivyo na mwisho, na kila chumba vitanda vidogo vidogo kama punje, na kila kitanda kuna mtu mdogo amelala. Nikatembea kwa ncha za vidole. Mtu mmoja mdogo akafumbua jicho moja akaniangalia. Nikamwimbia.

Sijui niliimba nini. Nimeamka na wimbo mdomoni, umeyeyuka.

Jumatatu, 20 Januari

Bosi anaharisha. Mara nne leo. Mama anasema ni meno.

Alhamisi, 23 Januari

Amepona. Yalikuwa meno, tunasema, ingawa fizi ni laini kama sikio.

Jumamosi, 1 Februari

Tena. Safari hii na kutapika. Tumempeleka kliniki, baba yake ameacha kupaka rangi, ukuta wa watu umebaki nusu. Muuguzi alimgusa utosi, akambana ngozi ya tumbo taratibu, akatupa dawa ya unga ya kuchanganya na maji ya kuchemsha, kijiko kimoja kimoja.

"Anakula nini?"

"Maziwa yangu tu. Mengine nakamua, yanakaa kwenye friji."

"Mnanawa mikono? Chombo kinachemshwa?"

"Kila siku," akajibu Mama kabla yangu.

Muuguzi akaniangalia mimi. "Sisemi ni maziwa. Nasema, mama, chunguza njia yote. Kutoka kwako mpaka kinywani mwake."

Tulirudi nyumbani. Mama ameketi na kijiko tangu mchana, anamdondoshea mtoto, anahesabu kwa sauti. Mimi nikitaka kupokea ananiambia, "Pumzika, una kazi." Nimesikia neno lile la kazi kama mwiba. Nikawaza: anataka kusema nini? Kwamba mama mwenye akili hamwachi mtoto wa miezi mitano?

Jumapili, 2 Februari

Akinyonya kifuani, anatulia. Jumapili nzima hakuharisha.

Nimeandika hilo ili nilione.

Jumatano, 5 Februari

Siku za kazi anaugua. Siku nikiwa nyumbani anapona. Mtoto wa darasa la pili angeona mstari huo.

Naona aibu kuandika ninayoyawaza. Nawaza mikono ya Mama. Nawaza labda anampa kitu nisichokijua, dawa ya majani, maji, uji wa siri. Wanawake wa zamani wana siri zao. Jana nilimkuta anapiga deki mbele ya friji, chini kumelowa, nikasema moyoni angalau ni msafi. Halafu alipogeuza mgongo nikainusa chupa yake. Ilinukia sabuni tu. Ananichekea, ananiita mke mwenza, na mimi nanusa vyombo vyake kama mbwa.

Ikiwa ataugua tena nitaacha kazi. Nimeshamwambia baba Bosi. Alikuwa anasugua rangi kwenye kucha, hakuinua kichwa. "Na ule upishi uliosema?" akauliza. Maana Bi Mizani ameahidi muhula ujao nitasimama kwenye jiko lenyewe, nijifunze kupika chakula cha watu mia tatu. Nilikuwa nimeshajiona na aproni nyeupe.

Jumatatu, 10 Februari

Amechafua nguo tatu kabla sijatoka. Nimeenda kazini nikiwa nalia njia nzima, jua likinikausha.

Nimemweleza Bi Mizani yote. Alikuwa anakata kabeji, hakuacha kukata.

"Friji lako nyuzi ngapi?"

"Halina kipimo."

"Linagandisha barafu?"

"Kidogo sana. Fundi alisema ni uzee."

"Fundi hakai nalo. Sikiliza. Chukua kikombe, jaza maji, weka kwenye friza mpaka yagande. Juu ya barafu weka kitu kizito, kipande cha chuma. Usimwambie mtu. Barafu likiyeyuka, chuma kinazama. Maji yakiganda tena, kitabaki chini na hakiwezi kudanganya. Friji ni kama mwanamume mrembo, mchana hujui liko wapi."

Wapishi wote wakaguna. Yeye akaendelea na kabeji.

Nyumbani sikupata chuma. Nimekata kifungo cha ovaroli ya baba Bosi, kile cha kifuani, cha chuma, kikubwa. Atajua kesho.

Jumanne, 11 Februari

Barafu limeshika alfajiri. Nimeweka kifungo katikati. Kinang'aa pale kama mwezi uliokosea njia.

Baba Bosi ameondoka kwenda kazini kifua wazi. "Panya wa nyumba hii wanakula chuma," amesema.

Jumatano, 12 Februari

Jana jioni nilisahau kutazama, mtoto alikuwa mikononi. Nimefungua asubuhi hii.

Barafu gumu, zuri, limejaa kikombe. Kifungo kiko chini kabisa. Ndani ya barafu, kama jicho lililofumbwa.

Kwa hiyo jana mchana, mimi nikiwa namenya viazi, maji haya yalikuwa maji. Na kama friza ilikuwa maji, chupa zangu zilikuwa nini?

Kazini nimechukua penseli nikafuata hesabu ya Bi Mizani. Mmoja. Wawili. Wanne. Nane. Kumi na sita. Nikasema joto la mchana tuseme saa saba, kila saa mara tatu, ni mara ishirini na moja. Niliandika mpaka nikafika ukingo wa karatasi: milioni mbili na ushei. Kutoka mmoja aliyefumbua jicho.

Umeme haujakatika wiki nzima. Majirani wangesema.

Alhamisi, 13 Februari

Niandike polepole, nisikosee.

Leo maji yalikatika chuoni, tukaruhusiwa saa sita. Nimetembea nyumbani juani, barabara ikicheza mbele ya macho kama maji. Nilipofika mlangoni sikusikia kitu. Ndipo nikajua. Katika nyumba ile huwa kuna mngurumo hata tunapokula, hata tunapogombana. Leo kimya, kimya kizuri, kama ndani ya mto wa pamba.

Nikasukuma mlango. Pazia limeshushwa, chumba kina rangi ya chai. Mama amelala chali kwenye mkeka, mdomo wazi kidogo, na Bosi juu ya kifua chake, anapanda na kushuka kwa pumzi zake. Mkono mmoja wa Mama umemfunika mgongoni. Mkono wa pili umenyooka mpaka ukutani, na vidole vimelala juu ya plagi ya friji, imechomolewa.

Chini ya mlango wa friji alikuwa ametandika tambara kunyonya maji. Amelikunja vizuri pembe nne.

Mimi nilikuwa na maneno. Nimeyabeba wiki mbili, makali, nimeyanoa. Nikayaacha yote pale mlangoni. Nikavua viatu, nikapita, nikachomeka plagi.

Simba Mzee akanguruma. Bosi akaruka mikono na miguu, akapiga yowe. Mama akashtuka.

"Aa! Nani kaliwasha dubwana hili? Mtoto ndiyo kwanza amelala!"

"Ni mimi, Mama."

"Mbona mapema? Unaumwa?"

"Siumwi. Mama, unalizima kila siku?"

"Saa tatu mkishaondoka. Saa kumi nalirudisha, unalikuta baridi kama kawaida." Alikuwa anambembeleza mtoto, anampigapiga, haoni hatari yoyote. "Siku ile ya kwanza alilia mpaka akawa bluu, mke mwenza. Kila akisinzia, lile linakohoa. Nikasema, yaani mume wangu akose usingizi kwa ajili ya kabati? Na mlango siufungui ovyo. Baridi iko ndani, inakaa humo, itatoka iende wapi?"

Nikakaa kwenye mkeka. Nikatoa daftari nikamwonyesha ile karatasi ya mmoja, wawili, wanne. Mama hasomi sana, lakini tarakimu anazijua vizuri. Nikamweleza kama nilivyoelezwa: kwamba wamelala, kwamba joto linawaamsha, kwamba tukiwasha tena jioni tunawalaza wakiwa wameshakuwa kijiji kizima, na wengine wameacha sumu ambayo hata baridi haiiondoi. Na kesho yake tunawaamsha tena.

Alifuata kidole changu mpaka ukingoni mwa karatasi.

"Na chupa niliyokuwa nampa saa nane," akasema, "imekaa..."

"Ndiyo, Mama."

"Na ikibaki kidogo nairudisha, nampa saa kumi. Nilisema nisiyamwage, ni jasho lako."

Nikafunga daftari.

Akanipa mtoto. Akaenda akafungua friji, akatoa chupa zote, akamwaga moja moja nje kwenye mtaro, bila haraka, akisimama kwa kila moja kama anaaga mtu.

Ijumaa, 14 Februari

Nimemnyonyesha kabla ya kutoka. Mama amekunja mkeka wake na kufunga fundo la nguo. Liko nyuma ya mlango, ameliweka tusilione, lakini chumba kimoja hakina nyuma.

Baba Bosi alijaribu. "Mama, mimi nilinunua friji, sikujua nimenunua simba. Kosa ni langu." Mama hakucheka.

"Mtafuteni mtu aliyesoma," alisema. "Mimi nimemtoa mjukuu wangu kwenye maradhi na kumrudisha kwa mkono uleule."

Nimeomba ruhusa kazini. Bi Mizani alisema, "Nenda, lakini bila huyo bibi wewe huna kazi, na mimi sina mpishi wa muhula ujao. Mlete hata kwa kumbeba."

Jumapili, 16 Februari

Aliahidi kuondoka leo. Asubuhi nimekaa naye kwenye kizingiti, Bosi katikati yetu anatafuna ukanda wa fundo la nguo.

Nilikuwa nimepanga kumwambia nimekusamehe. Nilipofungua mdomo nikaona ni neno la kumweka chini. Badala yake nimemwambia kweli yangu: "Mama, nilikuwa nanusa vyombo vyako. Nilidhani unampa kitu."

Akageuka akanitazama. "Ulinusa?"

"Mara tatu."

"Vikanuka nini?"

"Sabuni."

"Ningekasirika kama vingenuka kitu kingine." Na hapo ndipo alipocheka, kicheko kidogo chenye maji ndani.

Nikatoa kikombe. Barafu limeganda upya, kifungo nimekirudisha juu. Nikamwambia mimi nasoma joto kazini, nyumbani hakuna wa kusoma. Kifungo hiki kinahitaji mwangalizi. Kila siku jioni atazame: kikiwa juu, achore duara kwenye karatasi. Kikizama, au hata kama ana shaka tu, achore duara jeusi na amwage yote, jasho langu au si jasho langu. Chupa ya siku ya zamani inatoka kwanza, na akishapewa mtoto, kinachobaki hakirudi.

"Na usingizi wake?"

"Tutalisogeza."

Baba Bosi na jirani wamelisukuma mpaka kwenye uwazi wa kupikia, sentimita kwa sentimita, Mama akielekeza kama nahodha. Baba Bosi amebadilisha na mpira wa mlango. Fundo bado liko nyuma ya mlango. Lakini mkeka umekunjuliwa.

Jumatatu, 24 Februari

Duara. Duara. Duara. Duara. Duara. Anachora makubwa, na la leo amelitia matundu mawili katikati kama kifungo chenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Wiki mbili na siku tatu bila kuharisha. Amejaa mapaja. Upepo umebadilika, unaleta harufu ya vumbi lililolowa mahali fulani.

Fundo la nguo limetoka nyuma ya mlango. Sikumwona alipolifungua.

Alhamisi, 6 Machi

Baba Bosi anauliza lini atarudishiwa kifungo chake. Mama amemjibu, "Kifua chako na tumbo la mwanao, kipi muhimu?" Nimemshonea cha plastiki. Hakifanani.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imekuja saa nane mchana, yote kwa pamoja, kama mtu aliyeshindwa kuvumilia. Mama alikuwa amelala na Bosi kwenye mkeka. Simba Mzee ananguruma kule kwenye uwazi, na mvua inanguruma juu ya bati, na mimi niko katikati nakunja nepi, nasinzia nikiwa nimesimama.

Halafu umeme ukakatika.

Friji likatetemeka, likanyamaza. Bosi akafumbua macho. Mvua haikumwamsha, radi haikumwamsha. Kimya kilimwamsha. Akatazama upande wa uwazi, midomo ikakunjamana, akaanza kulia kilio cha kutafuta mtu.

"Sikiliza wewe!" Mama akasema. "Amemzoea simba!"

Baba Bosi akatoka kitandani, kiu imemshika, akanyoosha mkono kwenye mlango wa friji achukue maji. Mama hakuinuka hata. "Thubutu!" akasema, na mwanamume mzima akarudisha mkono kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. "Ukifungua unatoa baridi. Kinga ya mvua, unywe."

Nikakaa chini, nikaegemeza mgongo kwenye ule mlango. Bado ulikuwa na ubaridi kidogo. Ndani yake vile vyumba vyeupe, wale wadogo kwenye vitanda vyao, na chupa zangu mbili za Ijumaa. Nikaomba walale. Huku nje mtoto wangu analia hataki kulala.

Ndipo Mama akamlaza kifuani, akafunga macho, akaanza kunguruma.

Mmmmmm. Kutoka chini kabisa ya koo, bila kupanda wala kushuka. Mmmmmm. Bosi akanyamaza, akaweka sikio. Mama akaendelea, akivuta pumzi kwa wizi, na alipoishiwa akatikisika mwili mzima, tatatata, sawasawa kabisa, mpaka baba Bosi akalazimika kuuma shuka asicheke. Halafu akaanza upya. Mtoto akashusha kope moja, kisha nyingine.

Sijui ilichukua muda gani. Mvua ilikuwa inapungua ilipofika saa kumi, na Mama alikuwa bado ananguruma, yeye mwenyewe nusu amelala, na mimi mgongo wangu umeganda mlangoni, sikutaka kuinuka. Umeme uliporudi, Simba Mzee alimpokea kwa sauti ileile, na hakuna aliyeamka.

Hatukufungua mpaka jioni.

Mama ndiye aliyefungua friza. Alikitoa kikombe kwa mikono miwili, akakiinamisha kuelekea dirishani. Ukingoni palikuwa na maji kidogo, uzi tu. Kifungo kilikuwa juu.

Amechora duara lake, halafu akanipa penseli.

"Chora na wewe, mke mwenza. Leo tulikuwa wawili kwenye zamu."